Pazia la Leso Nyuma ya Dereva

Kosa lilikuwa langu, na heri ulisikie kwangu kabla Phelister hajakufikia, juu yeye akisimulia ananifanya nionekane kama mtu ameshuka Nairobi juzi na lori la makaa. Mimi Waithera nimezaliwa Mbotela, nikalelewa Mbotela, na sasa niko chuo mwaka wa pili nasomea kazi za jamii. Hiyo chuo ndiyo ilileta shida yote. Chuo ilinifundisha kutengeneza fomu.

Lakini ngoja nianze vizuri, nikikimbia nitaruka pahali.

Kuna hii shirika yetu ndogo inaitwa Tembea na Wazee. Ofisi yake ni meza moja kwenye kona ya holi ya mtaa, na mkubwa wake ni huyo Phelister, mama mmoja Mjaluo wa kwaya, mwenye akikohoa kwa mlango watoto wa nje wanaacha kupigana. Mimi najitolea hapo nikiwa likizo. Kila mwaka tunatoa wazee wa mtaa tunawapeleka pahali, wanakula, wanapunga upepo, wanarudi. Sasa mwaka huu wa themanini na saba, marafiki wa shirika kule Uingereza wakaandika barua wakasema wangependa yawe matembezi ya summer, na wazee waende pamoja na familia zao, watoto, wakwe, wajukuu, wote kwa basi moja. Wakwe. Hilo neno liliandikwa hapo kabisa na mimi nikalisoma mara tatu bila kushtuka.

Na hiyo summer yao ni Julai. Wewe unajua Julai ya huku kwetu Eastlands. Moshi wa jiko haupandi, unakaa hapo chini na watu. Mzee Ngigi, yule alikuwanga fundi wa viatu kando ya Jogoo Road, anavaa makoti matatu, na la juu kabisa ni la mke wake. Aliposikia summer akauliza kwa nini tumtoe kwake na hii baridi tumpeleke mtaa wa Lucky Summer, na shemeji yake anaishi huko na ni matope tupu. Nikamweleza kwamba summer ni wakati wa joto huko kwao wazungu. Akafikiria, akasema kama ni joto wanataka, si basi tulifuate pahali liko.

Ndio tukachagua Magadi. Kule chini bondeni hakujui Julai ni nini.

Sasa sikia kuhusu Susu Nzembi. Susu ni nyanya kwa Kikamba, na mtaa mzima tunamwita hivyo, hata sisi wenye si Wakamba. Anakaa nyumba ya mwisho karibu na bomba. Mume wake, marehemu Muindi, alifanya kazi kwa kiwanda cha magadi miaka ya hamsini. Alikuwa anakuja nyumbani mara moja kwa miezi mitatu, na mfuko wa magadi ya kupikia maharagwe, na hadithi moja. Ati huko kuna ziwa lenye maji yake ni magumu kama sakafu ya simiti. Mtu anavaa viatu anatembea juu yake. Na si barafu, juu joto la huko linaweza kupika yai. Ati halafu kuna ndege wa pinki, wengi kama nzige.

Susu akamwambia ni mwongo. Hakumwambia jikoni, wawili. Alimwambia mbele ya ndugu zake waliokuwa wametoka Machakos kuja kuona mtoto, na watu wakacheka mpaka chai ikamwagika, na kutoka siku hiyo wakamwita Muindi Maji Magumu. Alizeeka na hilo jina. Hadithi akaacha kuisimulia. Miaka minne iliyopita akafa, na siku moja Susu akiwa anachambua mchele akaniambia kuna kitu anataka kabla naye hajaenda. Anataka kukanyaga hayo maji. Nikamwambia tutaenda ayaone. Akasema hajasema kuona.

"Macho yanadanganywa," akasema. "Nikanyage. Kama ni kweli nimwombe msamaha nikiwa hapo juu yake. Kama ni uongo, nirudi nilale vizuri."

Kwa hivyo kwa mkutano nilipotaja Magadi, mkono wake ulikuwa wa kwanza juu, na mwingine ulikuwa unanyanyua wa Mzee Ngigi aliyelala.

Basi lenyewe tulipewa na shule moja ya mission, bure kabisa, Jumamosi moja. Lakini dereva wao alikuwa ameenda likizo, kwa hivyo mkuu wa shule akasema tutafute wetu mwenye leseni ya magari makubwa, jina lake liandikwe kwa karatasi za bima, na likishaandikwa halibadilishwi. Nikarudi kwa fomu zangu. Si nilikuambia nilikuwa na fomu? Kulikuwa na pahali pa kuuliza ni nani kwenye familia yako anaweza kusaidia na nini. Mbithe, binti wa Susu, alikuwa amejaza kwa mwandiko mzuri kabisa: mume wangu Mulwa, dereva, ameendesha lori njia ya Magadi miaka mitano.

Nilikaribia kubusu hiyo karatasi. Familia pamoja, kama barua ilivyosema. Mkwe anampeleka mama mkwe wake kuona pahali baba mkwe alifanya kazi. Nilikuwa nishaanza kuandika ripoti kwa kichwa. Nikapeleka jina, likapigwa muhuri, halafu nikakimbia mpaka kwa bomba.

"Susu, una bahati," nikamwambia. "Gari ni Mulwa wako mwenyewe anaendesha."

Mikono yake ikasimama kwa ungo. Akauliza wangu gani, na nikamwambia, nikicheka, ana Mulwa wangapi. Akapeta mara moja. Halafu akasema ni vile tu goti lake limeanza kumsumbua tangu asubuhi, na anaona mwaka huu tumpatie mtu mwingine nafasi yake.

Na mimi nikaandika kwa kitabu: goti. Kesho yake nikampelekea dawa ya kuchua. Akashukuru sana, akasema sasa ni yote mawili.

Phelister alipoona naulizia dawa kali zaidi akaniuliza ni ya nani, nikamweleza yote. Alicheka akakalia gunia la viazi za watu. Akaniuliza kwani huko chuo hawakunifundisha nthoni ni nini. Nikasema sijui. Akasema hata kwetu Wakikuyu iko, hata kwao Wajaluo iko, lakini kwa Wakamba wazee hakuna mchezo: mama mkwe na mume wa binti yake hawaangaliani usoni. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, hawatajani majina, wakikutana kwa njia mmoja anashika majani. Ni heshima, si ugomvi. Na mimi nimechukua hao wawili nikawafungia kwa basi moja, safari ya masaa matatu, na kioo cha dereva katikati.

"Una marafiki wangapi wanaitwa Muthoni?" akaniuliza.

Nikahesabu wanne.

"Na hujawahi kujiuliza hilo jina ni la nini."

Sikuwa nimejiuliza. Nilikuwa nafikiria ni jina tu, kumbe ni mkwe.

Siku hiyo hiyo nikaenda Njiru, pahali Mulwa na Mbithe wanaishi. Unashuka Kangundo Road unatembea katikati ya mahindi mpaka unafikiri umepotea. Mulwa ni mtu mkubwa, mabega ya mlango, na nilimpata amekaa nje kwa stuli ya mtoto, ana huzuni. Mbithe alikuwa amejaza hiyo fomu bila kumuuliza, akifikiri dereva ameshapatikana, huyu ni wa kubeba sufuria tu. Mulwa mwenyewe ndiye alinieleza vile huwa. Walipokuwa wanaishi Mbotela, safu moja na Susu, alikuwa anajificha nyuma ya shuka za watu kwa kamba, nyuma ya kibanda cha sukuma wiki, na mara moja alikaa chooni saa nzima juu mama alikuwa kwa bomba anaongea. Ndio wakahamia Njiru, apumue.

Na sasa amekwama. Akitoka, basi haliendi na watu thelathini na nane wanabaki. Akienda, mama anabaki.

"Naweza kuendesha nimefunga macho," akaniambia. "Lakini hao wengine hawatapenda."

Nilirudi Mbotela nimeishiwa. Lakini Phelister hakuwa amekaa bure. Alikuwa ameenda kwa Susu akamwambia waache mambo ya magoti, waongee. Na wakaongea jioni nzima kama watu wa mahakama. Susu alikuwa anataka kwenda, hiyo ndiyo kitu nilikuwa sijaona: alikuwa anataka kuliko sisi wote, lakini hawezi kujidharau na kumdharau mtoto wa watu ati juu ya ziwa. Ikabidi itafutwe njia yenye nthoni inabaki nthoni na safari inabaki safari.

Nyuma ya basi hakutaka, huko kunamtapisha. Mbele ndiko anaweza. Na mbele kabisa, kiti cha nyuma ya dereva, ndiko dereva hawezi kumuona bila kugeuza shingo. Kwa hivyo Phelister akashona pamoja leso zake mbili za kujifunga, ziwe pazia kati ya hicho kiti na mgongo wa Mulwa. Nikapelekwa Njiru tena kuuliza kama anakubali. Akakubali, akasema kile kioo cha ndani atakigeuza kiangalie dari, vioo vya nje vinamtosha. Nikarudi. Susu akasema dereva awe amekaa tayari kabla yeye hajapanda, na wakifika, yeye ashuke dereva akiwa ameangalia mbele. Nikaenda. Mulwa akasema sawa, na yeye chakula chake atakulia nyuma ya basi, ng'ambo ingine. Nikarudi. Hizo siku nilikata hiyo njia ya mahindi mpaka mbwa wa huko wakaacha kunibwekea.

Mwisho Susu akauliza, na kukiwa na kitu cha kuambiana njiani? Phelister akanisonta na kidole. Nikawa mimi.

Jumamosi saa mbili asubuhi basi lilikuwa nje ya holi, na Mulwa ndani amekaa wima, macho mbele, kama mtu anapigwa picha ya kitambulisho. Susu akapanda na shuka kichwani mpaka kwa nyusi, raba nyeupe miguuni, akaingia nyuma ya leso. Mimi nikakaa pale juu ya injini, kando ya dereva, leso kwa bega langu la kushoto. Mbithe na watoto wake wawili wakakaa nyuma kidogo, na Phelister akakaa katikati na sufuria za ndengu na chapati amezikumbatia.

Hatukuwa tumemaliza Jogoo Road na kazi yangu ikaanza.

"Waithera," leso ikasema. "Mwambie dereva kuna mkokoteni."

Nikamwambia Mulwa mama anasema kuna mkokoteni. Mulwa, ambaye mkokoteni alikuwa ameupita tayari, akaniambia nimwambie mama ameuona, asante. Nikamwambia. Leso ikaridhika.

Halafu ikawa mbuzi. Halafu lori. Halafu mama anauliza kama dereva amekula asubuhi. Halafu dereva anauliza kama mama anasikia upepo, afunge dirisha. Wote wawili wananong'ona, wote wawili wanasikiana vizuri kabisa, hatua moja kati yao, na mimi katikati narudia kila kitu kama redio. Na jambo lililomuua Mzee Ngigi kwa kicheko ni hili: hao wawili ni Wakamba, na mimi Kikamba sijui hata salamu, kwa hivyo ilibidi waongee Kiswahili ndio mimi nielewe ndio niwaambie.

"Leo nimeona maajabu," Ngigi akatangazia basi. "Wakamba wawili wanatafsiriwa na Mkikuyu, kutoka Kiswahili kwenda Kiswahili."

Basi lilicheka mpaka Susu nyuma ya leso akacheka, na mabega ya Mulwa nayo yakawa yanaruka.

Tulipita Kiserian, tukapanda mpaka Kona Baridi, na ukungu ulikuwa hapo mzito kama uji. Halafu barabara ikaanza kushuka. Nakuambia ukungu uliachwa nyuma kama mlango umefungwa. Chini yetu bonde lote lilikuwa jua, manyasi ya rangi ya biskuti, miti ya miiba, Wamasai na mbuzi wao. Koti la kwanza la Ngigi likatoka. Kilomita chache mbele likatoka la pili. Wamama wakaanza kufungua vitambaa. Mtoto wa Mbithe akauliza kama hii ndiyo Uingereza.

Susu akauliza imebaki kama siku moja hivi?

Nikamwambia imebaki kama saa moja na nusu. Akasema nimwambie dereva asimcheze. Mume wake alimwambia kutoka Nairobi mpaka huko ni siku mbili, ndio maana alikuwa haji ila baada ya miezi mitatu. Hapo nyuma watu wakaanza kuangaliana. Hata Phelister aliacha kuimba. Mimi nikahesabu kwa kichwa nikaona kuna mtu anaenda kuingia kwa shida akiwa kaburini.

Mulwa akabadilisha gia. Halafu akasema, polepole:

"Waithera, mwambie mama zamani hakukuwa na lami. Watu walikuwa wanarudi na treni ya mizigo, na ilikuwa inalala stesheni ya Konza."

Nikasema. Susu akasema nimuulize dereva amejuaje, na yeye wakati huo alikuwa mtoto wa kunyonya.

"Mwambie mama ni baba aliniambia."

Leso ikasimama. Mimi nikaona nisiongeze kitu. Lakini Mulwa alikuwa ameanza na sasa hakuweza kukata. Akasema, akiangalia barabara, kwamba baba, yaani Muindi, alimsimulia ziwa wakati alikuwa anamchumbia Mbithe. Yeye naye hakuamini. Ndio alipopata kazi ya lori la njia hii akachukua, aone. Akaona. Akarudi akaenda kwa baba jioni hiyo hiyo pale kazini kwake Nairobi akamwambia, baba, nimetembea juu ya maji yako. Na mzee alimshika mkono wa kulia na mikono yake miwili, na hakuachilia mpaka chai ikapoa.

"Nikamuuliza nimtume Mbithe kwa mama amwambie," Mulwa akasema. "Akakataa. Akasema niache, nyumbani kwake hiyo kesi ilikwisha zamani, asingetaka mama aone aibu."

Nilianza kurudia, mama, dereva anasema, halafu nikaona ameshasikia. Niliona tu kitambaa kinaingia na kutoka, kinaingia na kutoka, kama kuna mtu anapumulia karibu.

Kama dakika kumi baadaye ndio Susu aliongea.

"Mwambie dereva kuna shimo mbele."

Hakukuwa na shimo. Mulwa akapunguza mwendo hata hivyo.

Ziwa tuliliona ghafla tukipinda mlima. Sitajaribu kukueleza, nitaharibu. Fikiria tu mtu amemwaga maziwa na damu kidogo bonde nzima halafu yakakauka. Nyeupe, pinki, nyeupe, mpaka mlima wa ng'ambo. Na pale maji yalikuwa maji, kulikuwa na ndege wamesimama kwa mguu mmoja, na sikuanza hata kuwahesabu. Koti la mke wa Ngigi likatoka. Basi lote likaegemea madirisha, watu wazima, na Susu akiwa na shuka mpaka kwa nyusi akaangalia kupitia dirisha lake, halafu akaanza kukaza kamba za raba zake. Macho yanadanganywa, si alisema.

Tulisimama pahali kuna mti mmoja na askari wa zamu. Mulwa akabaki ameshika usukani, macho mbele, mpaka Susu akashuka. Halafu yeye akashukia upande wake akazunguka nyuma ya basi na sahani yake. Na mimi nikaenda kwa askari na karatasi yetu kumwambia kwamba tuna nyanya anataka kukanyaga.

Akakataa. Akasema si kila pahali ni pagumu. Wiki iliyopita ng'ombe amezama mpaka tumbo, wakamtoa na kamba. Mtu haendi ila na mwenyeji anayejua pagumu ni wapi, na yeye hawezi kuacha zamu. Na wakienda waende wawili tu, tena mbalimbali, si kurundikana.

Nikarudi kwa Susu. Nikamweleza, nikamwambia hapa kwenye ukingo tu unayaona vizuri, hata unaweza kugusa na fimbo. Mbithe akasema atamshika mkono. Lakini Mbithe anajua nini kuhusu pagumu na pasipo pagumu? Susu alikuwa amesimama na raba zake kwa mchanga, hatua mbili kutoka kwa kitu alichokitafuta kutoka siku walimzika mume wake, na akasema, bila hasira, "Nilisema kukanyaga."

Hapo kulikuwa na mtu mmoja tu anayejua. Alikuwa nyuma ya basi anakula chapati peke yake.

Nikaenda. Sikuwa na maneno ya chuo ya hii kitu. Nikamwambia tu vile ilivyo, kwamba ni wawili tu, na mimi siwezi kwenda katikati. Mulwa akaweka sahani juu ya tairi. Akajifuta mikono na suruali, muda mrefu kuliko ndengu ilivyohitaji. Akauliza mama amevaa viatu gani. Nikamwambia raba. Akasema ni vizuri, hiyo magadi inakula ngozi.

Akatoka upande wa mbali wa basi, akatembea akiangalia chini, akazunguka watu wetu wote kama mtu anayepita shamba la wenyewe, askari akamjua ni yule wa lori akamwachia, akashuka kwa ukingo. Akapiga na kisigino. Ikalia ko. Akaenda hatua tatu, akapiga tena, ko, akapinda kidogo kulia, ko. Kila alipokanyaga paliacha alama, juu palikuwa na unga mweupe juu ya ule ugumu. Alipofika kama nyumba tatu mbele akasimama, mgongo kwetu, uso kwa mlima wa ng'ambo.

Susu akavuta shuka ikateremka zaidi, mpaka akawa haoni kitu ila miguu yake na ardhi mbele yake. Akatafuta alama ya kwanza. Akaweka raba ndani yake. Mguu wa Mulwa ni mkubwa, ulimeza wake na nafasi ikabaki. Akaweka wa pili.

Sisi tulibaki kwa ukingo. Mbithe alikuwa amenishika mkono, hapa juu, bado kuna alama.

Wakaenda hivyo, yeye mbele anapiga, ko, na mama nyuma anafuata, na kila akisimama yeye, mama naye anasimama, na katikati yao jua tu. Upepo ulikuwa unatoka kwa ziwa kuja kwetu, kwa hivyo tulisikia kila kitu.

"Waithera," Susu akaita.

Nikaitika, nikiwa mbali huko kwa ukingo. Hakugeuka. Hakuwa ananingoja.

"Mwambie dereva apunguze. Miguu yake ni mirefu."

Nilifungua mdomo nipige kelele nimfikishie. Kabla sijapata pumzi, Mulwa, akiangalia mlima, akasema, "Waithera, mwambie mama nimesimama."

"Mwambie asante. Aendelee sasa."

"Mwambie mama hapa apinde kidogo, kushoto kumepasuka."

"Mwambie nimepaona."

Kwa Kiswahili. Wakamba wawili peke yao katikati ya ziwa, hakuna mwenye angewasikia Kikamba chao ila Mungu, na bado wanaongea Kiswahili juu mimi sijui kingine.

Wakafika pahali Susu akasimama bila kuambiwa. Akapiga mguu chini. Akapiga tena, kwa nguvu, kama mtu anabisha mlango wenye anajua kuna watu ndani. Halafu hapo akaongea Kikamba. Maneno mengi, sauti ya chini, ya kawaida, kama mke anamweleza mume mambo ya siku. Nilisikia Muindi mara mbili. Hata alicheka kidogo katikati. Mbithe kando yangu alielewa yote na sikumuuliza, na yeye hakuniambia. Mulwa huko mbele alikuwa ameinamisha kichwa, mikono nyuma, anangojea wakubwa wamalize.

Halafu Susu akajifuta uso na kona ya shuka.

"Waithera. Mwambie dereva baba yake hakuwa mwongo."

Mulwa akainua kichwa.

"Waithera, mwambie mama ninajua."

"Muulize kama tunaweza kufika kwa wale ndege."

"Mwambie mama ni mbali, lakini ni pagumu mpaka huko."

"Mwambie sijachoka."

Ko, ikalia. Mama akainua mguu. Wakaendelea, yeye mbele na mama nyuma, wanakuwa wadogo, wadogo, wananituma huku na huku, mpaka nikawa sisikii tena ninachowaambia.